Deni la Ubeti Mmoja

Kwa sisi tuliolelewa katika ushairi wa kujibizana, ubeti ni salamu, na salamu haijibiwi kwa kimya. Mtu akikutungia nawe ukanyamaza, hukumkosea yeye peke yake, umeikosea na mila iliyowakutanisha. Nami, msomaji, nina deni la aina hiyo. Mwaka 1997 nilitungiwa ubeti mmoja wa mishororo minne na rafiki yangu wa Mbinga, mtu ambaye tuliandikiana kwa zaidi ya miaka ishirini na ambaye sikupata kumtia machoni. Alifariki mwaka 2008 kabla sijamjibu. Jina lake nitalihifadhi, kwa kuwa mjane wake ameniomba hivyo. Nitamwita Mwalimu, kama nilivyokuwa nikimwita katika barua, na ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Urafiki wetu ulianza kwa ugomvi. Ilikuwa mwaka 1986, zama ambazo kurasa za mashairi katika magazeti ya Uhuru na Mzalendo zilikuwa baraza la nchi nzima. Humo mkulima wa Ruvuma alilumbana na karani wa Tanga, na mvuvi wa Mafia akafumbiwa fumbo na askari wa Tabora. Wengi wetu hatukujuana kwa sura. Tulijuana kwa vina na kwa anwani ya sanduku la posta. Kuna waliofanya uchumba wa watoto wao kwa njia hiyo, na kuna waliochukiana hadi kaburini bila kupata kupeana mkono.

Mwalimu alikuwa ametunga juu ya kilimo cha ngoro, kilimo cha kwao Umatengo. Mimi wakati huo nilikuwa kijana wa Ng'ambo, Unguja, mwenye kiburi cha mtu aliyezaliwa karibu na kisima akadhani ndiye aliyekichimba. Sikulitazama shairi lile linasema nini. Nilihesabu. Katika mshororo mmoja nikaona neno "mtu" limehesabiwa mizani moja, na kipande kimepungua. Nikakimbilia kalamu. Nilimwandikia kupitia gazeti kwamba herufi "m" hapo husimama peke yake, kwamba mtu ana mizani mbili, na kwamba watu wa bara wakitaka kutunga basi kwanza wakasome *Sheria za Kutunga Mashairi* cha Amri Abedi, kilichotoka mwaka 1954, ndipo waje mbele za watu.

Majibu yalichukua wiki sita. Hayakuja gazetini, yalikuja nyumbani kwa barua, katika mwandiko wa duara wa mwalimu wa shule ya msingi. Alinishukuru kwa kosa la mizani, akakiri kwamba ni kosa. Kisha akaniuliza, kwa adabu iliyonichoma kuliko tusi, kama nilikuwa nikijua Amri Abedi alizaliwa wapi. Akanijibia mwenyewe: Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. "Na Saadani Kandoro naye ni wa Ujiji," aliandika, "na marehemu Mathias Mnyampala, aliyeiongoza UKUTA, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Sheria unayonichapia, Bwana Malenga, imeandikwa na mtu wa ziwani. Mimi nami, kwa upande wa mama, ni mtu wa ziwani. Basi tusichapane, tusomane."

Nilikaa na barua ile siku tatu. Nilitafuta la kumrudishia na sikulipata. Siku ya nne nikamwandikia kumwomba radhi, na huo ndio ukawa mwanzo.

Tangu hapo hatukuacha kuandikiana. Barua ilichukua wiki mbili au tatu kufika, na wakati wa masika ilichukua zaidi, kwa kuwa barabara ya kutoka Songea kwenda Mbinga ilikuwa ya udongo na malori yalilala njiani. Kila barua ilikuwa na sehemu mbili: habari za nyumbani, na ubeti. Kanuni yetu ilikuwa kwamba ubeti ujibiwe kwa vina vile vile ulivyotumwa navyo. Mimi nilimpelekea karafuu na wakati mwingine halua, kwa mkono wa msafiri. Yeye alinipelekea kahawa ya shambani kwake, iliyokaangwa na mkewe, na harufu yake ilitangulia kuingia ndani kabla ya aliyeileta.

Yeye ndiye aliyenieleza ngoro ni nini, kwa subira kama anayefundisha darasa la tatu. Milima ya Umatengo ni mikali, na mvua yake ni nyingi. Mtu akilima matuta ya kawaida, mwaka wa pili udongo wote utakuwa umeshateremka bondeni. Kwa hiyo Wamatengo hufyeka nyasi, wakazilaza juu ya mteremko kwa mistari inayokatana, zikawa miraba miraba. Halafu huchimbwa katikati ya kila mraba, na udongo unaotoka humo hufunika nyasi pande zote nne. Panabaki shimo katikati na ukingo wa udongo kulizunguka. Nyasi huozea ndani ya ukingo na kuwa mbolea; maharage na mahindi huoteshwa juu ya ukingo huo; na mvua ikinyesha, kila shimo hushika maji yake na udongo wake. Kazi ya kufyeka na kulaza nyasi kwa desturi ni ya wanaume, ya kuchimba na kufunika ni ya wanawake. "Ukiutazama mlima wetu kutoka mbali," aliandika, "utadhani mtu ameupiga mistari ili autungie shairi. Lakini uzuri haukuwa nia ya wazee. Nia yao ilikuwa kisipotee kitu."

Na lile neno "mtu" hakulisahau. Kila mara alilirudia kwa mzaha. Safari moja aliniandikia: "Umenifundisha kwamba mtu ana mizani mbili. Nimefikiri sana, nikaona ni kweli: moja ni ya alikotoka, nyingine ni ya alipo. Ukiihesabu moja tu, kipande kimepungua." Nilicheka nilipoisoma. Sikujua kwamba siku moja ingenihusu.

Mwaka 1997 Mwalimu alifiwa na mama yake. Katika barua aliyonipasha msiba huo alieleza utoto wake Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, alikozaliwa mama huyo na alikokuwa akipelekwa wakati wa likizo. Alisema jinsi mama yake alivyokuwa akianika usipa juu ya mchanga, na watoto wakiwekwa kufukuza kunguru.

Niliposoma neno lile nilihisi kama mtu ameniita kwa nyuma. Usipa. Bibi yangu mzaa mama, aliyefariki mwaka 1971, alikuwa akiwaita dagaa kwa jina hilo. Sokoni Darajani alikuwa akisema "nipimie usipa", na wauzaji wakicheka, nasi wajukuu tukicheka zaidi yao. Tulidhani ni kosa la ulimi, au ni uzee. Tulimwigiza mbele yake. Yeye hakukasirika, wala hakulibadili neno lake, na hakusema amelitoa wapi.

Nilimwandikia Mwalimu pole za msiba, na mwishoni nikaongeza, kama jambo dogo la kupita: usipa ni samaki gani? Mwalimu hakuwa mtu wa kudanganywa na mkato wa sentensi. Alinieleza kwamba ni samaki mwembamba wa fedha, mrefu kama kidole, avuliwaye usiku kwa taa, na kwamba neno hilo si la Liuli peke yake bali la ziwa zima, hadi upande wa Malawi. Kisha akaandika: "Sahibu, neno geni haliulizwi hivi. Huulizwa hivi neno ambalo mtu analijua." Na chini yake akanitungia:

Waniuliza usipa, samaki wa ziwa letu,
Nani neno alikupa, kisiwani kwa wenzetu?
Jina halina mifupa, bila kijiji na watu,
Nijibu bila kuapa, ni wa nani huyo mtu?

Nililijua jibu, au nusu yake. Mama yake bibi aliletwa Unguja akiwa msichana. Hivyo ndivyo palivyonong'onwa nyumbani siku ya matanga ya bibi, na mama yangu akawakatiza wanong'onaji kwa kusema kwamba mambo ya waliokufa yamezikwa nao. Kuletwa: sisi hapa visiwani tunalijua neno hilo linasitiri nini. Katika karne ya 19 misafara ilitoka nchi za Ziwa Nyasa hadi Kilwa Kivinje. Majahazi yalivusha watu kutoka Nkhotakota, upande wa magharibi, kuja ufuko wa mashariki, na kutoka Kilwa wakapakiwa kuletwa Unguja. Mkataba wa mwaka 1873 ulilifunga soko la watumwa la Mkunazini, lakini watu waliendelea kuletwa kwa siri baada yake, na hali yenyewe ya utumwa haikufutwa kisheria hadi mwaka 1897.

Walioletwa kutoka huko waliitwa Wanyasa. Mwalimu alinieleza baadaye, pasipo kunigusa, kwamba jina hilo halitaji kabila. Nyasa maana yake ni maji makubwa, ziwa. Kumwita mtu Mnyasa ni kusema ametoka ziwani, na ziwa lina nchi nyingi pembezoni mwake. Mtu wa huko haulizwi ziwa, huulizwa kijiji. Ndiyo maana ya mshororo wake wa tatu. Mama yake bibi alivuka bahari akaachiwa jina la maji tu. Na hata hilo halikudumu: wengi wa Wanyasa na Wayao wa Unguja walijiandikisha kwa majina mengine kadiri miaka ilivyokwenda, na sensa ya mwaka 1931 iliwakuta wachache kuliko ile ya 1924. Hawakuondoka. Walitafuta jina ambalo watoto wao hawangechekwa kwalo.

Hayo yote ningeweza kumwandikia. Nilikuwa nikijisifu kwake kwa miaka kumi na moja kuwa mimi ni mtu wa pwani, mwenye ushairi. Nilikuwa nikijua vilevile kwamba Siti binti Saad, sauti kubwa kuliko zote zilizopata kutoka Unguja, alizaliwa Fumba kwa wazazi wenye asili ya bara na wa daraja ya watumwa, na kwamba Shaaban Robert aliona fahari kuandika wasifu wake. Nilimtukuza Siti katika mazungumzo, kwa kuwa yeye ni wa watu wote. Bibi yangu alikuwa wangu, na nikamfichia Mwalimu. Nilimjibu kwa barua ndefu ya bei ya karafuu na sherehe za Mwaka Kogwa kule Makunduchi. Ubeti nikauruka. Nilijipa udhuru kwamba mama yangu yu hai na hapendi.

Mwalimu hakuuliza tena katika barua. Aliendelea kunitungia beti nyingine, nami nikizijibu. Mara moja tu alirudi hapo. Ilikuwa mwaka 2005, simu za mkononi zilipokwishafika kwao, nasi tukasikiana sauti kwa mara ya kwanza. Tuliona haya kama wachumba. Yeye alikuwa na sauti nyembamba, na mimi miaka yote nilikuwa nimemsoma kwa sauti nzito. Kabla salio halijakatika alisema, "Sahibu, yule mtu wangu umempata?" Nikajifanya simsikii. Nikasema, "Mtandao unakatika, Mwalimu." Mtandao haukuwa ukikatika.

Mama yangu alifariki mwaka 2006. Udhuru wangu ulizikwa naye, lakini mimi sikuanza kuandika. Nilingoja ubeti uwe mzuri. Mwaka 2008 ikaja barua yenye anwani ile ile kwa mwandiko mwingine. Mwanawe mkubwa alinijulisha kwamba baba yao alifariki, na kwamba wameshamaliza arobaini.

Ilinichukua miaka mingine 15 kwenda. Nilikwenda Juni 2023, mwenyewe nikiwa na uzee wa kutosha kujua kwamba safari nyingi za aina hiyo hazitanifaa tena. Njia ambayo malori ya barua zetu yalikuwa yakilala sasa ni lami, kilomita zipatazo 100 kutoka Songea hadi Mbinga. Baridi ya huko mimi sikuijua. Ilikuwa msimu wa kuchuma kahawa, na kila uwanja ulikuwa na vichanja vya kuanikia. Kutoka dirishani niliiona milima ya ngoro, mistari juu ya mistari, na sikuhitaji kuelezwa.

Mjane wa Mwalimu alinipokea kwa kuniita shemeji, kana kwamba niliondoka pale juzi. Nilimwona ni mtu wa maneno machache. Alinipeleka kwanza kaburini, nyuma ya mibuni. Nikasimama, nikamwombea kwa dua ninazozijua mimi, naye akapiga ishara ya msalaba. Tuliporejea ndani alitoa chini ya kitanda sanduku la bati. Barua zangu zote zilikuwamo, zimefungwa kwa kamba za katani mwaka baada ya mwaka. Juu yake kulikuwa na daftari kubwa la shule.

Mwalimu alikuwa akinakili malumbano yetu. Ukurasa wa kushoto uliandikwa ubeti wa anayeanza, wa kulia ubeti wa anayejibu. Kwenye ukurasa wa kwanza alikuwa amebandika kipande cha gazeti chenye maneno yangu ya kiburi ya mwaka 1986, na pembeni yake, kwa penseli, mshororo wake wenye kosa ukiwa umetungwa upya na "mtu" amehesabiwa mizani mbili. Niligeuza kurasa. Miaka ilipita kushoto na kulia, bila kuruka. Nilipofika mwaka 1997 nikaikuta mishororo yake minne upande wa kushoto. Upande wa kulia hapakuwa na kitu. Ukurasa uliofuata ulikuwa wa mwaka 1998, na malumbano yakaendelea kama kawaida.

Shemeji alikuwa akinitazama. Akasema, "Watoto walitaka kuandika hesabu za kahawa hapo. Akawakataza. Alisema pana mwenyewe."

Sikuandika siku ile. Kesho yake niliteremka ziwani pamoja na mwanawe, kilomita 66 hivi za kona hadi Mbamba Bay, makao ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga, kisha tukashika njia ya kaskazini hadi Liuli. Mnamo saa kumi jioni tulifika ufukweni. Nilionja maji, nikashangaa kama mtoto kwamba upeo wote ule wa mawimbi hauna chumvi. Wanawake walikuwa wakigeuza usipa juu ya mchanga. Nilimwomba mmoja anipimie, kwa neno lile lile la bibi, naye akanipimia. Hakucheka.

Bandari hiyo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, kwa ajili ya jabali lake linalofanana na sanamu ya Misri. Hapo, tarehe 13 Agosti 1914, nahodha Mwingereza Rhoades aliishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa meli hiyo alikuwa rafiki yake wa miaka, na habari za vita zilikuwa hazijamfikia. Kwenye mji huo huo amezikwa padri William Percival Johnson, aliyefariki mwaka 1928, wa ile misheni ya Kianglikana iliyokuwa na makao yake Unguja tangu mwaka 1864 na iliyojenga kanisa lake pale pale palipokuwa soko la Mkunazini. Nilipita kando ya mambo hayo nikiwaza kwamba kati ya ufuko huu na kisiwa chetu njia haikupata kufungwa. Walipita waliofungwa minyororo, wakapita wa dini, wakapita wa vita, na mwisho zikapita barua za watu wawili waliopenda vina.

Nilikaa juu ya jiwe hadi jua likazama upande wa Malawi. Nilikuwa nimekuja na tamaa ya siri kwamba ufuko ule ungenitambua. Haukunitambua. Huenda mama yake bibi alitoka pale, huenda alivushwa na majahazi kutoka ng'ambo, huenda alitoka kijiji ambacho leo hakipo. Usipa huvuliwa pande zote. Nilielewa kwamba ubeti niliokuwa nikiungoja uwe mzuri nilikuwa kwa kweli nikiungoja uwe kamili, wenye kijiji ndani yake, na hautakuwa hivyo kamwe. Mwalimu hakunitaka ukamilifu. Aliacha ukurasa mtupu kama walivyoacha wazee wake shimo katikati ya mraba.

Tuliporudi Mbinga niliomba daftari na kalamu. Nikaandika upande wa kulia, kwa vina vyake, kama kanuni yetu:

Bibi ndiye alonipa, neno la ziwani kwetu,
Mamaye hakulitupa, akiuzwa kama kitu,
Kijiji sina kukupa, ninalo ziwa na utu,
Deni nimekuja lipa, ni wa kwenu huyo mtu.

Shemeji aliniomba nimsomee. Nilisoma mara mbili. Mara ya pili alinisimamisha penye neno la mwisho, akahesabu kwa vidole vyake viwili, polepole, kama alivyomwona mumewe akifanya miaka yote ile. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akalifunga daftari, akalirudisha juu ya barua, akaenda kuweka kahawa motoni.